Njia Niliyomkatia Mama Mkwe

Nilimvunja shemeji yangu mkono ndani ya kanisa, saa saba mchana, kati ya benchi la nane na la kumi. Nilimvunja kwa mtaimbo. Naanza na hilo kwa sababu habari hii imezunguka sana Fairfield, mtaa wetu wa hapa Sydney, na kila inapopita inaongezwa chumvi: mara tulikuwa tumelewa, mara tuligombea uzee wa kanisa, mara kulikuwa na mwanamke kati yetu. Mimi sinywi, uzee wa kanisa siutaki, na mwanamke mwenyewe alikuwa amelala mochwari tangu jana yake. Alikuwa mama mzazi wa shemeji na mama mkwe wangu mimi. Tulipigana kwa sababu ya mahali ambapo jeneza lake lingepitishwa.

Mimi ni seremala, mtoto wa seremala wa Iringa. Baba alikuwa na karakana nyuma ya nyumba na alinifundisha kazi kwa kipande cha mninga. Nikikosea kipimo, kile kipande kinatua mgongoni. Nikilia, kinatua tena. Nilipoanza kunyoa ndevu nilikuwa naweza kuunganisha meza bila msumari hata mmoja, na nilikuwa nimeshamng'oa mtu meno mawili sokoni kwa neno ambalo leo hata silikumbuki. Nilirithi mikono yake yote miwili, wa kazi na wa kupiga, na kwa muda mrefu sikujua kuwa ilikuwa mikono tofauti.

Sydney nilikuja kwa ufundi huohuo, nikaishia kwenye kiwanda cha makabati ya jikoni karibu na reli. Yale makabati si mbao. Ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ukiukata unakupa vumbi la kukohoza mpaka jioni. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipoingia kwenye lile kanisa nilisahau kusali. Nilipiga magoti kama wenzangu, halafu nikapeleka mkono chini ya benchi nikaanza kupapasa. Ilikuwa mwerezi mwekundu wa nchi hii, ule walioukata misituni mpaka ukaisha, mbao pana za kipande kimoja ambazo huwezi kuzinunua tena popote. Mke wangu alinifinya.

Kanisa lilijengwa na Waingereza wa zamani waliokuwa wamegombana na kanisa la mfalme wao. Hawakutaka askofu, hawakutaka altare, hawakutaka sanamu wala kioo cha rangi. Basi walijenga sanduku la matofali ya kuchoma, wakaweka madirisha marefu ya kioo cheupe, na mbele hawakuweka kitu ila mimbara. Mimbara yenyewe ilikuwa juu, katikati kabisa, ina ngazi mbili za kupinda, na chini yake meza ndogo ya chakula cha Bwana. Roshani ilizunguka kuta tatu, imebebwa na nguzo nyembamba za chuma. Mabenchi yalikuwa kumi na manne, na kila moja lilianzia kushoto likaenda hadi kulia bila kukatika, lina kijilango mwishoni na namba ya shaba. Njia ya katikati haikuwepo. Watu waliingia kwa pembeni, kwenye vijia viwili vyembamba kati ya mabenchi na ukuta, na nguzo za roshani zilisimama ndani ya vijia hivyohivyo. Waliojenga walitaka kila jicho limwangalie mhubiri. Mahali ambapo sisi kwetu tunaweka njia, wao waliweka watu.

Funguo alizishika bibi mmoja wa Kizungu, mzaliwa wa mtaa ule, ambaye benchi namba sita lilikuwa la ukoo wake. Wenzake walikuwa wamebaki wanne. Wao walisali asubuhi, sisi tukaingia mchana. Nilipokuwa narekebisha kitasa cha mlango wa nyuma alinisimulia mambo ya jengo lile, amekaa juu ya kiti, fimbo yake magotini. Babu zake, alisema, walipigana mle ndani kwa ajili ya kinanda. Upande mmoja ulisema kinanda ni anasa, upande mwingine ulishakinunua, na Jumapili moja wanaume wenye ndevu walipandishana roshani wakatwangana kwa vitabu vya nyimbo mpaka mmoja akatupwa chini, akaangukia mabenchi. Alisimulia hayo bila aibu hata kidogo, na mimi nilimpenda kwa hilo.

Baadaye wakati wa vita jeshi lilijaza kanisa mablanketi. Halafu ukumbi wa nyuma ukapangishwa kwa muuza makochi, halafu kwa shule ya ndondi. Wanandondi walikaa miaka mingi kuliko wote. Sakafu ya ukumbi ule ina madoa meusi ambayo sisi tulidhani ni mafuta ya taa, tukayasugua kwa brashi na sabuni Jumamosi nzima. Bibi akacheka, akasema ni pua za vijana wa Fairfield. Kulikuwa bado na kulabu ya gunia la kupigia ngumi kwenye boriti, na kina mama wetu walitundikia hapo chujio la chai.

Sisi tulikuwa mchanganyiko. Wengi walikuwa Warundi waliotoka kwenye makambi ya Kigoma, kisha Wakongo, kisha Watanzania wachache kama mimi. Kiswahili ndicho kilichotuweka kwenye benchi moja. Mke wangu ni wa hao waliotoka kambini. Alikuja na mama yake na kaka yake mkubwa, na huyo kaka ndiye shemeji ninayemsema, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu mpole, anayefanya kazi ya kuogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ndiye aliyekuwa akizungumza na bibi mwenye funguo kwa niaba yetu. Desturi yetu ilikuwa hiyo: neno la kanisa linapitia kwa mwenyekiti, na mtu mwingine haendi kwa mwenye nyumba kusemasema.

Mwaka mmoja kabla ya korona tulimzika mzee wa Kikongo. Wabebaji waliingia naye kwa kijia cha kushoto. Walipofika kwenye nguzo ya tatu jeneza halikupita. Wakalirudisha nyuma, wakalijaribu tena, mwisho wakalipindua kwa ubavu. Kanisa zima lilikuwa kimya, na sote tukasikia kitu kizito kikiteleza ndani na kugonga ubao. Mjane alipiga yowe moja tu. Nilimtazama mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa upande wa pili, na nikaona anautazama ule ubavu wa jeneza bila kupepesa.

Wiki ile aliniita. Inabidi nieleze kuwa kwao mama mkwe na mkwewe hawazoeani. Kwa miaka tisa sikuwahi kukaa naye kochi moja, na yeye hakuwahi kuniomba hata chumvi. Akitaka kitu alimwambia binti yake, binti yake ananiambia. Siku hiyo aliketi kwenye kiti cha jikoni, akatazama ukutani ili asinitazame usoni, akasema.

"Mume wangu alikufia kambini. Zahanati, mlango wa mbele kulikuwa na foleni ya mahindi. Wakamtoa nyuma, upande wa vyoo. Palikuwa pembamba, kati ya ukuta na seng'enge. Wakamgeuza ubavu, kama watu wanaohamisha mlango. Mkono wake ukatoka kwenye blanketi ukakwaruzwa na zile waya. Mimi niko nyuma nafuata, naona ule mkono."

"Pole, mama."

"Wewe ni fundi. Mimi nikifa unipitishe katikati. Chali, naangalia juu. Pembeni sitaki."

"Nitafanya, mama."

"Umesema?"

"Nimesema."

Hakuniomba kitu kingine mpaka alipokufa. Nilimpelekea shemeji maneno hayo, nikamwambia amwombe bibi ruhusa ya kukata mabenchi katikati, nitayatengenezea ncha nzuri, hata hatajua kwamba yaliwahi kuwa mazima. Akasema atamwuliza. Baada ya mwezi akaniambia bibi amekataa. Nikamwambia arudi tena amweleze sababu. Akarudi, akasema amekataa tena.

"Amekataa kabisa, shemeji. Hii kanisa si yetu. Ile mabenchi iko kwenye sheria ya serikali, haigusiwe. Tukigusa tunatoka."

Moyoni nilianza kumchukia yule bibi. Kila nilipomwona na fimbo yake nilikuwa namwamkia na huku namtukana kimyakimya.

Halafu ikaja korona, na katika mwaka wake wa pili wakafunga upande wetu wa jiji kuliko pande nyingine zote. Mliokaa karibu na bahari mlikuwa mnaota jua. Sisi helikopta ilizunguka juu ya paa mchana kutwa, ikisema kwa kipaza sauti turudi ndani. Askari polisi walikuja mlangoni pamoja na wanajeshi wenye sare za mabaka kuhakikisha kwamba waliotajwa kuwa wagonjwa wamo. Mama mkwe alipowaona wanajeshi kwenye ngazi yetu aliingia bafuni akajifungia, akakaa ndani ya beseni la kuogea hadi jioni. Aliwahi kuona wanajeshi mlangoni, kwao, kabla ya kambi. Tulimwita, tukagonga, tukamsihi. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakielewa chote na hujibu kwa Kiingereza, alilala sakafuni akamwimbia kupitia upenyo wa chini ya mlango, na hapo ndipo aliposikia akafungua.

Kiwanda kilifungwa. Mimi ni mtu ambaye mikono yake isipofanya kazi inatafuta kazi. Nilipiga ngumi mlango wa stoo nikautoboa. Nilimfokea mke wangu kwa sababu ya sufuria. Nilivunja simu. Mke wangu alianza kupita mbali nami kwenye korido, na nilimwona anavyopita, na badala ya kuona haya nikapandisha hasira zaidi.

Mama mkwe alikufa asubuhi, moyo. Alikuwa ameketi kitandani anavaa soksi, akaegemea upande, basi. Alikufa na soksi moja mguuni. Mke wangu alimvalisha ile ya pili kabla ya kumwita mtu yeyote.

Wakati ule mazishi yaliruhusiwa watu kumi. Bibi alikubali kanisa lifunguliwe siku ya tatu. Jioni ya siku ya kifo nilisimama na shemeji nje ya geti letu, barakoa usoni, hatua mbili kati yetu kama sheria ilivyotaka.

"Nitakata mabenchi," nikamwambia.

"Hapana. Tutapita pembeni. Tutaenda polepole."

"Polepole haitapunguza nguzo. Nilimwahidi."

"Wewe ni mkwe," akasema. "Mama ni wangu."

Alisema bila ukali, kwa uchovu tu. Lakini lile neno liliniingia kifuani likakaa. Nilikuwa nimemtunza yule mama miaka kumi na moja chini ya paa langu. Sikulala.

Kesho yake, saa tano, nilipakia gari msumeno wa umeme, mtaimbo, nyundo na waya mrefu. Mtaa ulikuwa umekufa. Mlango wa nyuma nilikuwa na ufunguo wake kwa sababu kitasa nilikitengeneza mimi. Nilipita ukumbi wa ndondi nikaingia kanisani. Jua lilikuwa limejaa mle ndani, kila namba ya shaba ilikuwa inawaka. Nilipima upana wa jeneza kwenye benchi la kwanza, nikaongeza kidogo, nikapiga mstari. Sikuchungulia chini. Sikupapasa. Mimi niliyesahau kusali kwa sababu ya mbao hizo, siku hiyo sikuziangalia hata kidogo.

Msumeno ulipoingia kwenye mwerezi ulipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kiwandani. Mbao za miaka mingi kiasi kile zimekauka hadi ndani, hazikatiki, zinapasuka. Nilikata mgongo wa benchi upande mmoja, nikakata upande wa pili, halafu nikaingiza mtaimbo na kung'oa kipande cha katikati. Kilitoka kwa mlio wa mfupa. Nikakitupa kushoto, roshani ikaitikia kishindo. Benchi la pili. La tatu. Vumbi jekundu lilinijaa mdomoni, na harufu yake ilikuwa tamu, na niseme ukweli wote: nilikuwa nafurahi. Tangu kiwanda kifungwe mwili wangu haukuwahi kufurahi namna ile. Nilipofika benchi la sita, la ukoo wa bibi, nililipiga teke kwanza ndipo nikalikata.

Shemeji alifika nilipokuwa nakata la tisa. Anakaa mtaa wa nyuma, bila shaka aliusikia msumeno. Hakuniita. Alikwenda moja kwa moja ukutani akachomoa waya, na kimya kikaanguka.

"Unafanya nini kwenye nyumba ya watu?" akasema. "Unataka watufukuze? Tumefukuzwa mara ngapi?"

"Rudisha waya."

"Mama yangu ataingia hapa kesho, wewe unavunja."

"Mama yako alisema katikati."

Akanipiga kofi. Alikuwa na haki, ni mkubwa kwangu, na kofi lenyewe halikuwa na nguvu. Barakoa ilinitoka tu ikaning'inia sikioni. Mtaimbo ulikuwa mkononi mwangu. Singependa kusema kuwa sikujua ninachofanya. Nilijua. Niliuinua, na yeye akainua mkono wa kulia kujikinga uso, na nikaushusha juu ya mkono huo kwa nguvu ileile niliyokuwa naitumia kwenye mbao. Niliona mkono ukipinda mahali ambapo mkono haupindi. Akakaa chini taratibu kati ya benchi la nane na la kumi, kando ya la tisa nililokuwa nimelikata nusu, akaushika kwa mkono wa kushoto, akasema neno moja la Kirundi ambalo mke wangu husema akijichoma na mafuta.

Na mimi nilikwenda ukutani nikachomeka waya.

Hilo ndilo ambalo watu wa Fairfield hawalijui. Nilichomeka waya, nikarudi, nikamaliza kukata benchi la tisa, na mfupa wa mtu umevunjika hatua moja kutoka mguuni kwangu. Vumbi jekundu lilimwangukia kichwani na mabegani, naye hakulipangusa. Nilikuwa naelekea benchi la kumi nilipomwona bibi amesimama kwenye mlango wa mbele. Jirani alikuwa amempigia simu. Nilizima msumeno.

Alikuja kwa kijia cha pembeni, fimbo yake inagonga sakafu. Alimtazama shemeji kwanza. Akatoa simu akaita gari la wagonjwa, akataja anwani kwa sauti ya kawaida. Halafu akayatazama mabenchi, moja baada ya jingine, hadi akafika namba sita, akasimama pale kidogo.

"Kwa nini hukutoa vigingi?" akaniuliza kwa Kiingereza chake cha upole.

Sikuelewa.

Akaenda benchi la kumi, ambalo nilikuwa sijaligusa. Akainamisha fimbo yake chini ya kiti, katikati, akagonga mara moja, mara mbili. Kigingi cha mti kikadondoka, kinene kama kidole gumba. Akagonga upande wa pili, kikadondoka kingine. "Nyanyua," akaniambia. Nikashika mgongo wa benchi nikanyanyua, na kipande kizima cha katikati, kiti na mgongo pamoja, kikatoka juu kwenye mifereji yake bila ukaidi wowote, chepesi, safi, ncha zake zimepigwa randa na kupakwa nta na mtu aliyekufa zamani. Kilikuwa na upana wa kupitisha jeneza na wabebaji wake wote wawili wawili.

"Baba yangu alivitoa kila palipokuwa na mazishi," akasema. "Na harusi yangu. Yote kumi na manne, wanaume wawili, nusu saa. Wale wa kinanda walitaka mhubiri aonekane, lakini nao walikuwa wanakufa."

Nilimwambia kwamba alikuwa amekataa. Nilimwambia tulimwomba mara mbili, na mara mbili alikataa.

"Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza," akasema.

Nikamgeukia shemeji. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye benchi la nane, uso umekuwa wa majivu.

"Ulimwuliza?"

Aliviangalia vile vigingi viwili sakafuni.

"Sikumwuliza," akasema. "Niliogopa. Kila mahali tuliuliza kitu, tulitoka. Kambi ya kwanza tuliuliza maji, wakatuhamisha. Nikasema huyu bibi tusimsumbue. Tukae kimya, atatuacha."

Nililia pale. Nilimlilia nani, sijui. Bibi alitusubiri, kisha akagonga kigingi cha benchi la kumi na moja, na mimi nikanyanyua. Tulitoa yaliyobaki, yeye akigonga na mimi nikinyanyua, tukamaliza kabla gari la wagonjwa halijafika. Wahudumu walipomwuliza shemeji imekuwaje, alinionyesha kwa kidevu ile ngazi ya roshani. "Nimeanguka," akasema, na walipouliza tena akasema tena. Bibi alikuwa amesimama palepale na hakutia neno. Walipoondoka aliniomba ufunguo wa mlango wa nyuma. Akasema nisiguse tena mbao yoyote, hata vile vipisi nilivyoviacha kwenye mifereji, hadi mtu wa serikali ya mtaa aje kuziona, wala kwa msasa. Nikampa ufunguo.

Nyumbani binti yangu alinifungulia. "Dad," akasema, "your hands," akiitazama mikono yangu, na akarudi nyuma. Yalikuwa mavumbi mekundu ya mwerezi yaliyoshikana na jasho, lakini sikuwa na uso wa kumwambia kuwa si damu. Mke wangu alikuwa ameshapata simu kutoka hospitali. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mama yake anakunja nguo.

"Amesema ameanguka," akaniambia. "Kaka yangu hajui kudanganya. Usiniguse."

Sijawahi kunyanyua mkono juu ya mtu tangu siku ile, na sisemi hivyo nisifiwe. Mke wangu bado anapita mbali nami kwenye korido, si kila mara, lakini anapita.

Kanisa liliuzwa baadaye, wale wazee wanne walipobaki wawili. Kuna watu sasa wanajinyoosha viungo mle ndani juu ya mikeka, mahali palipokuwa na mabenchi, na mimbara wameiwekea spika. Mabenchi yaliuzwa vipandevipande. Kimoja kiko Cabramatta, mtaa wa jirani, nje ya duka la supu ya tambi, watu wanakalia wakisubiri kuitwa. Ninakijua kwa ncha yake. Nimewahi kusimama mbele yake na mfuko wa samaki mkononi hadi mwenye duka akaniuliza nataka nini.

Siku ya mazishi tulikuwa kumi. Kwenye ukoo wao mtoto wa kiume wa kwanza hushika kichwa cha jeneza, upande wa kulia, akamtoa mama yake duniani kwa mkono uleule aliokuwa akimlisha nao. Mkono huo wa shemeji ulikuwa umefungwa plasta ngumu kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko. Alimwomba msimamizi wa mazishi amruhusu ajaribu kwa kushoto. Akajaribu pale mlangoni, jeneza likayumba, wakalishika. Akaachia. Akanitazama, akanionyesha mahali pake kwa kidevu, kama alivyoionyesha ile ngazi.

Nikashika. Juu ya jeneza walikuwa wametandika kitenge cha njano cha mama mkwe, kile alichotoka nacho kambini, kinaning'inia pande zote mbili. Tulipita katikati. Mama alikuwa chali, anaangalia juu, kama alivyotaka. Mabenchi matano ya nyuma tulipita vizuri, njia ilikuwa pana, ncha laini, nguo inateleza. Halafu tukafika kwangu.

Nilikuwa nimekata kwa upana wa jeneza na kidogo juu yake. Wabebaji sikuwapima. Ilitubidi tugeuke mabega, tubane matumbo, tutembee kwa upande kama kaa. Ncha za mbao zilikuwa kama msumeno ulivyoziacha, zimechanika, zina meno. Kwenye benchi la tisa kitenge kilinasa, na sote tukasikia kikipasuka. Mke wangu, nyuma yetu, alivuta pumzi. Hatukuweza kurudi nyuma wala kuachia mkono.

Shemeji alikuja akapita mbele yangu. Aliinama, akaingiza mkono wa kushoto kati ya jeneza na mbao, akakinasua kitenge polepole, uzi kwa uzi, akakikunja juu. Tukasogea. Kwenye la nane kikanasa tena. Akainama tena. Alifanya hivyo hadi benchi la kwanza, mkono mmoja, ule wa plasta ameukumbatia kifuani, na mimi nimeshika kichwa cha mama yake mahali pake, natazama kisogo chake, na bado kulikuwa na vumbi jekundu kwenye nywele zake ambalo hospitali hawakuliosha.

Tulipoliweka jeneza chini ya mimbara alinigeukia. Alikuwa ameshika kibanzi cha mwerezi chenye nyuzi tatu nne za njano. Akanifungua kiganja, akakiweka humo, akanifunga vidole juu yake. Miaka yote alikuwa akiniita shemeji.

"Ahsante, fundi," akasema, na hadi leo ananiita hivyo.